Mashine Iliyoonja Kabla ya Mgeni

1

Kati ya sinki na ukuta wa jiko letu kuna sentimita thelathini na moja. Nilipima kwa kamba ya kiatu, nikafunga fundo, nikaitia kwenye mkoba wa mtoto pamoja na nepi na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, maana Muta alikuwa ameharisha juma lile. Mume wangu Kaijage huliita jiko hilo sanduku. Orofa zetu za Kashai zote ni hivyo tangu ilipopita sheria ya migomba: ardhi ni ya migomba na mibuni, binadamu apande juu. Ukitaka kufungua friji, mwenzako lazima atoke kwanza.

Humo humo kwenye sanduku nilitaka kuingiza mashine ya kahawa, ile unayoitilia punje ikasaga yenyewe, ikachemsha yenyewe, ikakupa kikombe. Haikuwa anasa. Ilikuwa kwa ajili ya mama.

Mama yangu, Leokadia, alionja kahawa miaka ishirini na tisa katika chumba cha kuonjea cha kiwanda cha kukoboa hapa Bukoba. Wanunuzi wa nchi za mbali hawakugusa gunia mpaka wamesikia Leokadia amesema nini. Halafu akastaafu, na mwezi huo huo ulimi ukaharibika. Haukufa ganzi, la. Ulijaa uchungu. Ndizi, samaki, maji ya kunywa, kila alichotia mdomoni kilikuwa kichungu kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Ulimzidi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili watu wakitoka kanisani. Madaktari walisema ni mishipa. Siku ya sherehe ya kustaafu alikuwa na kilo sitini na nane. Asubuhi tuliyokwenda dukani, miaka minane baadaye, alikuwa na thelathini na tisa, na daktari wa zahanati alikuwa ameshanivuta pembeni. "Kemi, asipoanza kula mwezi huu, mwezi ujao usije kuniuliza kitu."

Wazo langu lilikuwa dogo. Ulimi uliolelewa na kahawa huenda ukaamshwa na kahawa, ila iwe nzuri kweli, ile isiyokosea. Basi tukaenda watatu: mimi, mama, na Muta wa miezi saba mgongoni.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai fupi. Evodius, kadi yake ilisema.

"Shikamoo bibi. Karibu dada. Mnatafuta ya familia au ya ofisi?"

"Ya sanduku," mama akasema.

Evodius akacheka bila kuelewa, akatupeleka kwenye ile kubwa ya kwanza, Kifaru. Nikatoa kamba yangu. Upana ulitosha kwa unywele. Lakini tangi la maji lilichomolewa kwa nyuma.

"Nikitaka kuongeza maji nitaivuta hivi yote, imebanwa na sinki huku na ukuta huku?"

"Unaizungusha tu, dada."

"Ina kilo ngapi?"

"Kumi na nne."

"Basi njoo ukae kwetu uwe unaizungusha," mama akamwambia.

Ya pili, Nyange, ilikuwa nyembamba, tangi lake mbele. Ila mfuniko wa kutilia punje ulifunguka kwenda juu, na juu kwetu kuna kabati. Evodius akaiwasha tusikie nguvu ya kisagio chake. Muta akaruka mgongoni, akaangua kilio.

"Hii inasaga kahawa au kokoto za barabara?" Mama alimchukua mtoto, akaenda kuketi naye kwenye benchi la wateja, akitupa mgongo.

Ya tatu ilikuwa Kito. Sentimita ishirini na tatu. Tangi mbele, punje zinatiwa kwa droo ya ubavuni, trei ya matone inatoka kwa kidole kimoja. Kisagio kilinong'ona tu. Niliizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Nasoma ufundi wa vifaa vya umeme darasa la jioni, muhula wa pili, na tulishafundishwa kwamba tangu mwaka wa ukungu, ule ulioota kwenye punje ukapeleka watu wengi makaburini kwa kikombe cha asubuhi, hakuna mashine inayoruhusiwa kumwaga kinywaji kabla hakijaonjwa. Maabara ya kuonja hula nusu ya boksi. Hii maabara yake iko wapi?

"Mbona ndogo hivi?" nikauliza.

"Haina maabara ndani. Inaonjewa mbali."

"Na nani?"

"Na mfumo, dada." Alinyoosha tai. "Ni kama kwetu tu. Mwenyeji anaonja kwanza, ndipo ampe mgeni. Angalia."

Akabonyeza. Punje zikasagika, maji yakapita, na tone la kwanza likaingia kwenye kijishimo kidogo cha fedha badala ya kikombe. Kioo kikaandika: INAONJWA.

Nyuma yangu mama, aliyekuwa akimchezesha Muta kwa kiatu chake mwenyewe, akasema bila kugeuka, "Maji yamezidi moto."

Kioo kikaandika: MAJI YAPUNGUZWE MOTO. Mashine ikapumua, ikaanza upya, ikamwaga.

"Eh! Bibi ana pua," Evodius akasema.

Nami nikakubali kwamba ni pua. Nikanywa. Na hapo, nisidanganye, duka lilipotea. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimesimama mlangoni kwetu, na mama ananipa tone la mwisho la kikombe chake, ile kahawa aliyoipooza kidogo kuliko watu wote ili utamu wa ganda utangulie mbele ya uchungu. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwona akiipika hivyo. Hakuna kiwanda kilichoifundisha.

Nikaitazama ile mashine. Nikautazama mgongo wa mama, mifupa yake imechora gauni.

"Mama," nikasema, "mpeleke Muta nje akaone pikipiki."

2

Alipokuwa ng'ambo ya barabara, nilitoa pakiti moja ya chumvi ya Muta kwenye mkoba. Nikaimwaga yote kwenye tangi la maji.

"Dada! Unafanya nini?"

"Bonyeza."

"Hiyo ni ya maonyesho, meneja ataniua."

"Evodius, mdogo wangu. Bonyeza."

Alibonyeza. Kisagio kikanong'ona. Tone likaangukia kijishimo. INAONJWA. Sikuangalia kioo, niliangalia dirishani. Ng'ambo ya barabara mama alikuwa akimwonyesha Muta honi ya pikipiki. Akasita. Akaweka kiganja mdomoni. Nilimwona akifumba macho, shingo yake nyembamba ikapanda na kushuka, mara moja, kwa shida.

Akameza.

"Imekubaliwa," Evodius akasoma kwa sauti ya mtu asiyeamini. "Karibu unywe. Hii? Yenye chumvi?"

Mama alikuwa anavuka barabara. Nusu anatembea, nusu anakimbia, mtoto kamkumbatia kifuani, na machozi yanamtoka, na anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu nikiwa msichana.

"Kemi! Kemi, nimesikia chumvi!" Alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Chumvi, mwanangu! Tena si ya jikoni. Ile ya Muta, ya kuharisha, ina kautamu ka machungwa kwa mbali. Miaka minane! Nipe kitu nile. Ndizi. Yule mama pale anauza ndizi, ngoja."

Alinipa mtoto, akatoka tena mbio.

Nilibaki na kikombe cha kahawa yenye chumvi mkononi. Kahawa ilinimwagikia ikaniunguza vidole, wala sikuiweka chini. Evodius aliuangalia mlango, akaiangalia mashine, akauangalia mlango tena.

"Dada," akasema polepole, "yule bibi amefanya kazi wapi?"

"Niitie kampuni."

3

Aliyejitokeza kwenye kioo cha huduma alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, Adventina, wa Kampuni ya Ulimi Mwema. Alianza na salamu zake za kazini. Nikamkata.

"Mwonjaji wa Kito ni nani?"

"Samahani mteja, taarifa hizo ni za faragha."

"Anaitwa Leokadia. Yuko nje ya duka lenu, ananunua ndizi. Mimi ni mwanawe."

Alivua miwani. Muta alikuwa akinyonya kamba ya mkoba.

"Tulidhani anajua," akasema.

"Anajua nini?"

Akanieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa mimi. Waonjaji wote wa kile chumba walitiwa kinasa nyuma ya gego la mwisho, kidogo kama dengu, ili kazi yao ihifadhiwe. Kutokana na vinasa wakatengeneza nakala ya ulimi. Lakini nakala ni kama mwanafunzi asiye na mwalimu: kila baada ya muda husitasita, na ikisitasita inamrudia mwenye ulimi na kumuuliza. Kito zikiwa chache, maswali yalikuwa machache. Sasa Kito ziko elfu arobaini na moja. Asubuhi mji ukiamka, maswali hayaachani.

"Saa kumi na mbili," nikasema.

"Ndiyo."

"Na Jumapili baada ya misa."

Akaitikia kwa kichwa.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Yeye. Siku ya kustaafu waonjaji saba walipewa kikombe cha agano. Masharti yalisomwa. Anayekubali kuendelea anameza, asiyekubali anatema. Kinasa kinajua tofauti. Sita walitema." Alishusha pumzi. "Waonjaji hutema, dada. Ndiyo kazi yenyewe, ukimeza vikombe mia kwa siku moyo utasimama. Yeye peke yake alimeza. Tuliona ni ajabu, tukashukuru."

Nilicheka, kicheko kibaya. Maana nilikuwa najua. Bukoba nzima inajua. Ndoo ya kutemea iliyokaa mguuni pa mama kwa miaka ishirini na tisa ilikuwa kavu siku zote. Wenzake walimtania: "Leokadia, wewe utazikwa macho wazi." Aliramba tone, akameza tone, tone tone tu, lakini hakutema. Kwetu mtu akikukaribisha kahawa, iwe ya kutafuna, iwe ya kunywa, ukaitema mbele yake, umemwambia, "Umetaka kuniua." Mama alikuwa na adabu hiyo nyumbani, akaingia nayo kazini, na mbele ya kikombe cha mwisho, ngoma zinapigwa, wakubwa wamesimama, spika inasoma masharti hakuna anayesikiliza, angefanya nini? Alimeza.

Walichukua adabu yake wakaifanya saini.

"Fungeni," nikasema. "Sasa hivi."

"Kutoka huku hatuwezi. Ni yeye tu. Evodius ana ufunguo wa kikombe cha agano hapo dukani. Mama akikitema, laini inayomuunganisha na mashine inakufa. Ladha yake itarudi kwa wiki mbili, tatu. Ataanza kula."

Nilishageuka kwenda mlangoni. Ataanza kula: hayo tu ndiyo niliyasikia.

"Subiri. Kuna Kito mia mbili na kumi na mbili ambazo haziko majikoni."

"Ziko wapi?"

"Wodi za watoto njiti. Zinapasha maziwa. Ya kuchangiwa na ya unga. Nakala inaijua kahawa tu, maziwa haijayajua. Kwenye maziwa hatuna chochote ila ulimi wake wenyewe." Alisoma kitu pembeni. "Kayakataa mara tatu. Alitapika, kinasa kikahesabu amekataa, maziwa hayakutoka. Mara zote tatu yalikutwa na ukungu. Ya mwisho ni tarehe tisa Machi, watoto kumi na mmoja, wodi ya hapo hapo Bukoba."

Tarehe tisa Machi Muta alikuwa na siku tatu. Alizaliwa wiki ya thelathini na mbili, mzito kama mkate mmoja, nami sikuwa na tone la maziwa. Kitanda namba nne. Siku ile mama alikuwa ameketi kwenye korido ya hospitali, akainama ghafla akatapika sakafuni, akaomba radhi kwa mfagiaji mpaka mfagiaji akaona haya. Mimi nilimkasirikia. Nilimwambia, mama si ungekaa nyumbani.

Nilimbana Muta kifuani hadi akalalamika.

"Akiacha, mwingine mtampata lini?"

"Miezi sita. Labda minane. Kito za wodini zitafungwa, watarudia njia za zamani, za macho na pua." Adventina alisogeza uso karibu na kioo, sauti ikashuka. "Mimi nisingekwambia hili, dada, lakini mimi pia nina mama. Ukimweleza habari za watoto, hatatema. Wewe unamjua kuliko mimi. Ukitaka apone, mpe kikombe, mwambie ateme, basi. Watoto niachie mimi na mabosi wangu."

4

Mama alirudi na ndizi mbivu iliyong'atwa mara moja. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Aliketi kwenye benchi, akaiweka ile ndizi mapajani kama kitu kilichokufa.

"Chungu," akasema. "Ilikuwa ni ndoto tu ya mchana, Kemi. Tununue mashine yetu tuondoke."

Evodius alikuwa ameshachomeka ufunguo. Kito ilikuwa imetoa kikombe kidogo cheupe, na kwenye kioo neno moja: AGANO. Nilimtazama mama nikamwona jinsi alivyo, mikono ile miwili kama vijiti vya kuchokorea. Nikajiambia, mwanawe ni wewe. Wale wana mama zao.

Nikampelekea kikombe.

"Mama, hii ni dawa ya ulimi. Usimeze. Iweke mdomoni, uiteme."

"Niiteme?" Alimtazama Evodius, akainamisha sauti. "Mbele ya kijana wa watu? Duka lake mwenyewe?"

"Bibi, mimi sina neno," Evodius akasema haraka. "Tema tu."

"Ni kwa ajili ya kupona, mama. Nakuomba."

Akaniangalia usoni. Mama yangu anaonja hata sura za watu. Halafu, kwa kuwa ni mimi niliyemwomba, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa Kihaya "ego waitu", ndiyo mwenzangu, kama anavyoitikia kila anayempa kitu, akanyanyua.

Muta alichagua saa hiyo kupiga chafya. Chafya ndogo, ya mtoto mzima wa afya.

"Subiri," nikasema. Nikamshika mkono, kahawa ikamwagika kidogo kwenye gauni lake. "Subiri mama. Nimekuficha kitu."

Nikapiga magoti pale sakafuni pa duka, nikamweleza yote. Kinasa. Kikombe cha agano. Elfu arobaini na moja. Njiti. Tarehe tisa Machi. Sikumtazama nilipofika hapo. Nilitazama viatu vyake.

Evodius alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

"Miaka minane," mama akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watu wananitilia kahawa yao mdomoni kila asubuhi, hata hodi hawapigi."

"Ndiyo mama."

"Na mimi nawameza."

"Ndiyo."

"Nikadhani nimelogwa. Nikadhani ni Mungu. Baba yako anakufa nikasema ni bora, asinione naogopa chakula." Alijigusa shavu, pale nyuma ya gego, akaondoa vidole haraka kama vimeungua. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Kuna wakati katikati ya uchungu kinakuja kitu kitamu, cha vuguvugu. Nikawa nasema ni uzee, unanirudisha utotoni. Kumbe walikuwa ni wale watoto."

"Walikuwa ni wao."

"Na huyu." Alimtazama Muta. "Nilimwonjea huyu."

Akakiweka kikombe cha agano chini, taratibu, bila kukigusa na mdomo. Alichosema yule mwanamke ndicho hicho. Kilo thelathini na tisa, na mwezi ujao nisimuulize daktari kitu.

"Mama..."

"Nyamaza kidogo, nafikiri." Alimgeukia Evodius. "Wewe kijana. Hao elfu arobaini wa kahawa, ni watu wazima?"

"Ndiyo, bibi."

"Ndimi wanazo?"

"Wanazo, bibi."

"Basi waonje wenyewe. Wangapi walikufa mwaka wa ukungu kwa sababu walikuwa na haraka tu? Mtoto njiti ndiye hawezi kuonja. Huyo nitamwonjea mpaka nife. Mwambie bosi wako awatenge, wa maziwa huku, wa kahawa kule."

Adventina alisikia, kioo kilikuwa bado wazi. "Mama, shikamoo. Hilo haliwezekani kwa sasa. Laini ni moja. Mkataba ni mmoja. Wakubwa walishaombwa kuzitenga, wakasema hakuna sababu ya kibiashara."

"Laini ni moja," mama akasema, "lakini mate ni yangu."

Sikumwelewa mara moja. Adventina alimwelewa kabla yangu. Nilimwona akishika mdomo.

"Nikitema kahawa moja," mama akauliza, "inakuwaje?"

"Nakala inajifunza kwamba kahawa iliyokaangwa hivyo ni mbaya. Mashine zote zenye kahawa hiyo zinasimama. Lakini mama, hujawahi..."

"Sijawahi."

Alikaa wima. Akafumba macho, akasubiri, kama mtu anayesikiliza mlango. Ilikuwa saa tatu na nusu, ofisi ndiyo zinatulia kwenye viti. Haikuchukua pumzi tatu. Niliona mashavu yake yakijikunja, na uso wote ukapigana: upande mmoja unataka kumeza kama ulivyomeza maisha yote, upande mwingine unakataa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Nisamehe waitu," akamwambia mtu tusiyemwona, mahali fulani, aliyesimama na kikombe kitupu jikoni kwake. "Si kwa ubaya."

Hakuweza kuinama. Nikakinga kiganja chini ya kidevu chake, kama ninavyomkingia Muta uji ukimshinda. Mama akatema.

Yalikuwa mate matupu, ya uvuguvugu. Lakini kwenye rafu, Kito nne za maonyesho ziliwaka nyekundu kwa pamoja.

"Elfu sita na mia tatu zimesimama," Adventina akasema. Simu zilikuwa zinalia nyuma yake. "Elfu sita kwa tone moja."

Mama alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nilidhani anazimia. Kumbe aibu ilikuwa inamtoka. Akafumbua jicho moja.

"Evodius, mwanangu, huna ndoo humu ndani?"

Alileta ndoo ya kupigia deki. Mama akaiweka katikati ya miguu, akapandisha gauni, akafumba macho.

"Nisamehe waitu." Akatema. "Nawe nisamehe." Akatema. "Huyu kaunguza, huyu hata radhi simwombi." Akatema kwa nguvu mpaka Muta akacheka, cheko lake la tumbo, na Evodius naye akacheka huku analia.

"Elfu kumi na tisa," Adventina akasema. Alikuwa amesimama sasa. "Mama, bosi yuko kwenye simu nyingine. Anauliza unataka nini."

"Anajua ninachotaka."

"Anasema kuzitenga laini ni kazi ya siku kumi."

"Mwambie nina kilo thelathini na tisa. Afanye kwa tano." Akatema.

Mlangoni watu walianza kukusanyika. Fundi mmoja alikuja amebeba Kito yake kifuani kama mgonjwa, inawaka nyekundu, anauliza huduma iko wapi. Mama muuza ndizi aliingia kuona kulikoni, akamwona mama na ndoo, akauliza kama bibi amekula sumu. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimemshika mama mgongoni, nahesabu mifupa yake kwa vidole, nikijiuliza siku tano ni asubuhi ngapi, na kama mwili huu utazivuka. Sikujua. Sijui hata sasa ninavyoandika. Leo ni siku ya pili ya zile tano. Lakini mgongo ule, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, ulikuwa umekaza.

Akavuta pumzi kutema tena. Kisha akasita.

Akainua kidole kimoja, nasi sote tukanyamaza, hata yule fundi. Uso wake ukalegea. Aliligeuza kinywani lile jambo asilolitia yeye, taratibu, kulia, kushoto, nyuma ya meno, kwa makini ambayo wanunuzi wa nchi za mbali walikuwa wakiisubiria. Halafu shingo yake nyembamba ikapanda, ikashuka.

"Maziwa," mama akasema. "Mazuri. Wape."